Kufundisha Kiingereza kwa Mtoto wa Kariakoo

Mwanachuo anayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika eneo la Mchikichini au Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hujikuta katika shule ya namna moja kati ya mbili. Ya kwanza ni shule ya umma, ambamo masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo miongoni mwa masomo. Ya pili ni shule ya binafsi, ile ambayo wazazi huiita ingilishi midiamu, ambamo hisabati, sayansi na karibu kila kitu hufundishwa kwa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. (Zipo pia shule chache za umma zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond za Upanga, lakini hizo si nyingi.) Shule za namna hizi mbili huweza kutenganishwa na mtaa mmoja tu, na watoto wake wakanunua mihogo ya kukaanga kwa mama yule yule. Lakini mwalimu akiingia darasani hukuta hali mbili tofauti na makosa mawili tofauti ya kufundisha. Makosa yote mawili yanatokana na jambo moja, nalo ni jinsi tunavyokitumia Kiswahili cha mtoto tunapomfundisha lugha ya kigeni.

Azma ya makala hii ni kulitazama jambo hilo kwa faida ya mwalimu mwanafunzi. Sikusudii kuingia katika mjadala wa lugha ipi iwe ya kufundishia nchini. Mjadala huo una wenyewe, nao ni mrefu. Mwalimu wa darasa la tano hawezi kungoja uishe. Kengele ikilia yampasa aingie na chaki yake.

Lugha ya kigeni yenye kazi

Tangu mwaka 1967, yalipotolewa maelekezo ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilishika nafasi ya lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania Bara. Sekondari zilibaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta na kutoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari; pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kwamba wengi wa waliokuwa sekondari hawakuwa na lugha ya kutosha kufuatia masomo yao. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kuinua ufundishaji wa Kiingereza kwa msaada wa Uingereza, uliopeleka sekondari vitabu vya kusoma vilivyopangwa kwa ngazi. Kisha miaka ya 1990 ikaja na shule za msingi za binafsi, nazo zikaenea mijini haraka.

Jambo linalotuhusu katika historia hii ni hili. Mtoto wa shule ya umma akifaulu huingia kidato cha kwanza, akakuta Baiolojia, Kemia na Jiografia zimebadilika lugha kwa siku moja. Yule aliyekuwa wa kwanza darasani katika sayansi, aliyejua kueleza vizuri jinsi moyo unavyosukuma damu, sasa hukaa kimya kwa kuwa hana maneno. Akili yake haikupungua likizoni. Ametengwa nayo tu. Mwalimu wa sekondari asiyekuwa na subira humwandika kuwa mzito, na yeye mwenyewe baada ya miezi michache huanza kuamini hivyo. Vipindi vya Kiingereza vya shule ya msingi ndivyo vitu pekee vilivyosimama kati ya mtoto huyo na kimya hicho, kwa hiyo si halali kuvipitisha kwa kunakili ubao.

Waliofundisha ugenini

Mbinu nyingi tunazozisoma vyuoni hazikubuniwa Uingereza. Zilibuniwa na walimu wa Kiingereza waliokuwa ugenini, wakilazimishwa na hali za wanafunzi waliowakuta. Michael West alifanya kazi Bengal, wakati huo ikiwa chini ya utawala wa Waingereza katika India. Aliona kwamba wanafunzi wengi huacha shule njiani, akauliza swali ambalo kila mwalimu yafaa ajiulize: anayeacha leo anaondoka na nini mkononi? Katika kitabu chake cha mwaka 1926 alitetea kutanguliza kusoma, kwa sababu ajuaye kusoma kidogo aweza kuendelea peke yake. Harold Palmer alikwenda Japani mwaka 1922, na mwaka uliofuata akaanzisha huko Tokyo taasisi ya kuchunguza ufundishaji wa Kiingereza; yeye alishikilia kwamba mdomo na sikio vitangulie. A. S. Hornby, aliyefuata nyayo zake huko huko, alitunga pamoja na wenzake kamusi iliyochapishwa Japani mwaka 1942 na kutolewa tena na Oxford mwaka 1948. Kamusi ya Oxford ya wanafunzi, ambayo matoleo yake mengi yamepita katika maktaba za vyuo vyetu, ina asili yake katika madarasa ya Wajapani.

West na Palmer hawakukubaliana, wala haitupasi kuchagua mmoja na kumtupa mwingine. Kila mmoja aliwatazama kwanza watoto aliokuwa nao, ndipo akaamua.

Sisi pia tumepokea wageni. Vijana wa Peace Corps kutoka Marekani walifika miaka ya 1960, wakaondoka mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Shule za binafsi zilipoanza kuenea, walikuja walimu kutoka Kenya na Uganda. Kwao, tangu darasa la nne masomo huendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kuendeshea darasa huwatoka bila kufikiri. Ukimkuta mwalimu wa namna hiyo katika shule uliyopangiwa, omba ruhusa ukae nyuma ya darasa lake. Sikiliza hasa maagizo madogo madogo: jinsi anavyowaambia watoto wafungue kitabu, wageukiane, wangojeane, wafute na kuandika upya. Andika sentensi kama 40 za namna hiyo na uzikariri mpaka ziwe zako, maana hakuna kinachomwangusha mwalimu mwanafunzi mbele ya watoto kama kukosa neno la kusema 'sogea kidogo'. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni ilikaza masharti ya vibali, na mwanachuo wa leo ana kila sababu ya kujiandaa kuzishika nafasi hizo.

Lakini mgeni asiyejua Kiswahili, awe ametoka Leeds au Gulu, hana kitu kimoja ulicho nacho wewe. Mtoto akisema 'I hear cold', yeye husikia kosa. Wewe husikia 'nasikia baridi', na papo hapo wajua kosa limetoka wapi na litatibiwaje. Hiyo ni mali. Katika shule ya umma tunaitapanya, na katika shule ya binafsi tunaifungia kabatini.

Hesabu ya sekunde

Tuanze na shule ya umma. Mwalimu huingia, watoto husimama kwa kishindo na kuimba salamu yao kwa sauti moja, 'Good morning, teacher', mwalimu huitikia, nao humaliza wimbo kwa kusema kwamba hawajambo na kumshukuru. Salamu hiyo ni nzuri kwa adabu, lakini si Kiingereza. Mtoto aliyefiwa jana na mwenye homa leo wote huimba kwamba hawajambo. Baada ya hapo mwalimu husoma sentensi katika kitabu, huitafsiri, huuliza kwa Kiingereza kama wameelewa, na darasa zima hujibu 'Yes!' Huandika mazoezi ubaoni, watoto hunakili. Kipindi kimekwisha, na ukiwauliza watoto mmoja mmoja, pengine watano tu wametamka sentensi yao wenyewe.

Mwalimu husema: nifanye nini, nami nina watoto 90? Ni swali la haki. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 45 kwa mkondo, lakini tangu ada na michango ilipoondolewa Januari 2016 shule nyingi za mijini zimepokea watoto zaidi ya nafasi zilizokuwapo. Basi na tupige hesabu. Kipindi ni dakika 40. Tuseme mwalimu atumie dakika 10 kueleza. Zabaki dakika 30, yaani sekunde 1,800. Akiwauliza watoto mmoja mmoja, kila mtoto ana sekunde 20, na hapo hatujahesabu muda wa kunyoosha mkono, kuchaguliwa na kusimama. Kwa vipindi vitano vya juma, mtoto amesema Kiingereza kwa muda usiofikia dakika mbili. Hakuna aliyepata kujifunza lugha kwa dakika mbili za juma, hata Kizaramo kwa mama mkwe.

Sasa badili jambo moja. Katika dakika 10 kati ya hizo 30, watoto wazungumze wawili wawili dawatini. Kila mtoto amepata dakika tano za kusema na tano za kusikiliza. Hizo tano ni sekunde 300, yaani mara 15 ya zile 20, na hujaongeza mwalimu wala chumba. Dawati likiwa na watoto watatu, wa tatu awe msikilizaji mwenye kazi, akihesabu mangapi yamesemwa sawasawa, kisha wabadilishane.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kelele. Watoto 90 wakisema kwa pamoja, mwalimu wa darasa la pili yake atakuja mlangoni. Dawa yake ni kuwafundisha sauti ya dawati, yaani sauti isiyovuka dawati lao, na kuifanyia mazoezi kama mnavyofanya mazoezi ya kwaya. Yachukua siku tatu au nne. Usianze somo lenyewe kabla hawajaijua. Pingamizi la pili ni kwamba watakosea bila kusahihishwa. Watakosea, ndiyo. Lakini mtoto anayekosea mara 30 katika sentensi aliyoitayarisha yuko mbele ya yule aliyenyamaza. Wewe pita kati ya madawati, sikiliza, chagua makosa mawili yanayojirudia kwa wengi, uyapeleke ubaoni mwishoni bila kutaja jina la mtoto.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: wakiachwa wawili wawili, watazungumza Kiswahili. Hilo hutokea pale tu watoto walipopewa ruhusa ya kusema bila kupewa la kusema. Kwa hiyo wape sentensi chache zilizo tayari, zenye mahali pa kubadilisha neno. Kuitikia kwa pamoja kusitupwe kabisa. Kuna kazi yake mwanzoni, sauti na matamshi yanapokuwa mapya. Darasa zima litamke, kisha safu, kisha dawati, kisha mtoto mmoja. Ubaya wa mtindo wetu ni kukomea hatua ya kwanza na kuridhika na mngurumo wake.

Pale Kiswahili kinapofaa

Kutafsiri kila sentensi ni uvivu, maana mtoto hungoja tafsiri na kuacha kusikiliza Kiingereza. Kutotafsiri kamwe nako ni ukaidi. Kiswahili kitumike kwa dakika chache, mahali ambapo muundo wa lugha yetu unampoteza mtoto, au unaweza kumwongoza. Nitatoa mifano kwa kirefu kidogo, kwa sababu vitabu vilivyoandikiwa ulimwengu mzima haviwezi kuwa nayo.

Saa. Mtoto aliyeambiwa aseme 'saa mbili asubuhi' atasema 'two o'clock', wala hajakosea hesabu, amefuata jua. Siku yetu huanza kuhesabiwa kunapopambazuka, na ya Waingereza huanza usiku wa manane na kugawanywa upya adhuhuri. Chora uso wa saa ubaoni, uonyeshe kwamba mshale mfupi waelekea nane, nasi husoma namba inayokabiliana nayo upande wa pili, yaani mbili. Saa tatu hukabiliana na tisa, saa nne na kumi. Mtoto wa darasa la nne akiisha kuiona picha hiyo huwa haisahau, na nyumbani humfundisha kaka yake.

Swali la kukana. Muulize mtoto kwa Kiswahili, 'Hukuja jana?' Kama hakuja, atasema, 'Ndiyo, sikuja.' Anamkubalia muulizaji. Mwingereza hatazami muulizaji, hutazama tendo: kama halikutendeka, jibu huanza na 'No'. Mtoto anayejibu 'Yes' mbele ya mwalimu mgeni huonekana mwongo, kumbe ni mtiifu kwa sarufi ya mama yake.

Njeo. Hapa tuna hazina. Vitabu vingi husumbuka kueleza tofauti ya 'she sells' na 'she is selling', na walimu wetu husumbuka zaidi kwa sababu wanaeleza zote mbili kwa 'anauza'. Lakini Kiswahili kina 'hu-'. 'Mama Asha huuza mashati' ni desturi yake, hata kama sasa amelala; 'Mama Asha anauza mashati' yaweza kuchukuliwa kuwa tendo la sasa hivi. Watoto wa mjini siku hizi hawaitumii sana 'hu-' katika mazungumzo, lakini wote huifahamu. Ifufue kwa dakika tano katika somo la Kiswahili asubuhi, uvune matunda yake katika somo la Kiingereza mchana. Kisha kumbusha ile 's' ya mwisho, ambayo watoto huiacha kwa kuwa kitenzi chetu hubadilika mwanzoni na wao hawategemei habari yoyote mkiani.

'He' na 'she'. 'Yeye' wetu hana jinsia. Mtoto humwita dada yake 'he' si kwa kutojua kwamba ni msichana, bali kwa kuwa lugha yake haikumzoeza kuulizia jambo hilo. Kosa hili haliondoki kwa maelezo. Huondoka kwa mazoezi mengi yenye picha za watu au watoto wenyewe wakisimama mbele.

Matamshi. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, ndiyo maana 'desk' huwa 'desiki' na 'book' huwa 'buku', neno ambalo kwa mtoto wa Kariakoo ni shilingi elfu moja. Usimcheke. Jina la Kariakoo lenyewe lilipatikana kwa njia hiyo: Waingereza walipoichukua Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi mahali pale, na ulimi wa wenyeji ukalivisha jina hilo irabu zake. Waeleze watoto habari hiyo, kisha waulize ni maneno gani mengine ya Kiingereza wanayoyajua tayari katika mavazi ya Kiswahili.

Soko kama ghala la zana

Swali hilo la mwisho hutufikisha sokoni. Mtoto wa Mchikichini amekulia kando ya moja ya masoko makubwa ya mitumba nchini. Mwambie ataje nguo zinazouzwa pale, naye atasema shati, sketi, koti, suti, soksi, blauzi, jaketi, suweta, tai, buti, gauni. Yote hayo ni Kiingereza kilichohamia kwetu. Andika orodha yake upande mmoja wa ubao na neno la Kiingereza mkabala wake, uwaachie watoto wagundue wenyewe kilichoongezwa na kilichopunguzwa. Kwa kipindi kimoja mtoto aliyedhani hajui hata neno moja hujiona ana maneno 10. Waonye tu juu ya yale yaliyobadilika njiani: Mwingereza wa leo akisikia 'gown' atafikiria vazi la sherehe au joho la mahafali, na nguo ya kawaida ataiita 'dress'.

Kutoka hapo jenga sentensi:

This shirt is too big.
These socks are too small.

Wengine huogopa kufundisha 'this' na 'these'. Waambie watoto kwamba lugha yao ni ngumu zaidi: wao husema shati hili, sketi hii, kitambaa hiki, mkanda huu, nao hawakosei tangu wakiwa na miaka minne, Mwingereza ana neno moja kwa kimoja na neno moja kwa vingi, basi. Mahali pa kujikwaa ni suruali, ambayo kwetu ni moja na kwao ni 'these trousers', kana kwamba kila mguu unahesabiwa.

Sasa wape biashara. Mtoto wa kwanza ana karatasi yenye bei za nguo tano. Wa pili ana karatasi iliyoandikwa kiasi cha fedha alicho nacho na nguo anazotumwa kununua. Hawaonyeshani. Mnunuzi huuliza bei, huambiwa, hulalamika kwamba ni ghali mno, hutaja yake, muuzaji hupunguza au hukataa. Watoto hawa hawahitaji kufundishwa kupatana bei. Wengi huwasaidia wazazi wao baada ya saa za shule. Wanachohitaji ni Kiingereza cha jambo wanalolijua kuliko mwalimu. Kwa kuwa kila mmoja ana habari ambayo mwenzake hana, itambidi aseme ndipo apate, na hapo ndipo lugha ya kigeni huacha kuwa wimbo wa salamu.

Zana nyingine ya bure ni kile kitambaa kidogo kilichoshonwa shingoni au ubavuni mwa nguo, chenye maelezo ya kufua. Waambie watoto waje na maneno waliyoyanakili kutoka nguo za nyumbani. Nguo za mitumba zimetoka nchi nyingi, kwa hiyo wataleta Kijerumani, Kikorea na Kichina pia. Kuvichambua na kutenga Kiingereza ni somo la kusoma peke yake. Katika yale ya Kiingereza watakuta 'Wash separately', 'Do not iron', 'Do not bleach'. Huo ndio mfano halisi wa kuamuru na kukataza, nao haukutungwa kwa ajili ya kitabu. Waagize watunge maelezo ya namna hiyo kwa vitu vya darasani: ubao, ufagio, ndoo ya maji, kabati la mwalimu. Nimeona watoto wa darasa la sita wakibandika juu ya ndoo onyo la kutonawa ndani yake, na lilitiiwa kuliko lile la Kiswahili la kiranja.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kwa maandishi. Haumsikilizi mtoto akisema. Kwa sababu hiyo wapo watakaokuambia kwamba kazi hizi za kuzungumza zinapoteza muda wa kujiandaa. Wajibu kwa upole, huku ukihakikisha kwamba kila zoezi la mdomo linamalizikia katika sentensi tano zilizoandikwa vizuri daftarini. Mwalimu mkuu ana haki ya kuona daftari.

Shule ya binafsi

Mwanachuo aliyepangiwa shule ya binafsi hufurahi: watoto ni wachache, vitabu vipo, na watoto husema. Hapa hatari yake hujificha. Mtoto wa darasa la nne ataweza kukutamkia bila kusita maana ya 'evaporation' kama ilivyo kitabuni. Mwulize kwa nini kanga za mama hukauka haraka kibarazani kukiwa na upepo. Huenda akanyamaza. Neno lipo, jambo halipo. Yule wa shule ya umma alikuwa na jambo akakosa neno.

Katika baadhi ya shule hizi Kiswahili kimepigwa marufuku tangu getini, na anayekisema huadhibiwa. Desturi ya kumvika mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya kwao ni ya zamani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza ilivyokuwa Kenya ya ukoloni, katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Adhabu ya namna hii haifundishi Kiingereza. Hufundisha kunyamaza, na huwafanya watoto kuwa wapelelezi wa wenzao. Mwalimu anayesambaza kibao kati ya watoto hana tena habari ya nani anashindwa wapi, kwa maana anayeshindwa ameishaacha kusema.

Hata hivyo wewe ni mgeni katika shule hiyo, na kanuni zake si zako kuzivunja. Yapo unayoweza kufanya ndani yake. Kabla ya neno, onyesha kitu: bakuli la maji juani, kitambaa chenye unyevu, chumvi inayoyeyuka. Baada ya maelezo ya kitabu, mtake mtoto atoe mfano wa nyumbani kwao, kwa Kiingereza chake mwenyewe hata kikiwa kibovu. Akirudia ya kitabu, hujapata jibu. Kisha mwendee mwalimu mkuu kwa heshima, umwombe ruhusa ya jambo moja: kwamba mwishoni mwa mada watoto wapewe kazi ya kwenda kumweleza mzazi au bibi nyumbani, kwa Kiswahili, walichojifunza, na kesho yake waje kusema mzazi aliuliza nini. Wazazi wengi wa eneo hili ni wafanyabiashara ambao hulipa ada kwa jasho na hawakipati Kiingereza cha daftari la mtoto. Kazi hii huwafungulia daftari hilo. Mtoto akishindwa kueleza kwa Kiswahili, hakuelewa kwa Kiingereza. Mwalimu mkuu mwenye kujali matokeo ya shule yake mara chache atakataa, ukimwonyesha kwamba ni njia ya kupima na kwamba hufanyika nje ya geti.

Jambo la mwisho kuhusu shule hizi ni mazoea ya kusahihisha matamshi kwa kumkatiza mtoto. Mwache amalize. Lafudhi ya Kiswahili katika Kiingereza si ugonjwa. Inayohitaji tiba ni ile inayobadilisha maana, kama 'rice' kuwa 'lice' kwa mtoto anayechanganya 'r' na 'l', au 'ship' na 'sheep' kusikika neno moja.

Katika mazoezi yako, uwe shule ya namna yoyote, chukua daftari dogo lisilo la maandalio ya masomo. Kila siku andika makosa matatu ya Kiingereza uliyoyasikia kwa watoto, kama yalivyotamkwa. Chini ya kila kosa andika sentensi ya Kiswahili unayodhani mtoto alikuwa akiifikiri. Mahali ambapo hukuipata, mwulize mtoto mwenyewe wakati wa mapumziko, atakuambia. Ukifanya hivyo kwa majuma sita ya siku tano utakuwa na makosa 90, na mengi yatakuwa ndugu wa ukoo mmoja. Yapange kwa koo zake, urudi nayo chuoni, tuyaweke mezani pamoja na ya wenzako waliokwenda Temeke na Kinondoni.